Shangazi, huu ni uvivu au naumwa?

"Shangazi, nina kazi ya kuajiriwa na watoto watatu. Mume wangu hanipigi wala halewi. Lakini tangu nijifungue huyu wa mwisho, miezi 7 sasa, usiku silali hata mtoto akilala. Naingia bafuni, nafungulia maji ili nilie nisisikike. Mshahara wangu anaushika yeye, hata nauli naomba. Mama anasema wanawake wote wamepitia haya, nivumilie. Je, huu ni uvivu au naumwa?" – Mama Watatu

Mwanangu Mama Watatu,

Uvivu tuuweke kando. Mvivu hulala.

Kuumwa kunawezekana kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 13 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Huzuni na kukosa usingizi vikipita wiki 2 si vya kuvumilia tena. Nenda kliniki ukamwambie mhudumu haya haya uliyoniandikia, hadi hilo la bafuni. Ukisema "nachoka choka tu" utarudishwa na vidonge vya damu. Sonona inatibika, kwa ushauri nasaha na pengine dawa. Kama unanyonyesha, sema, wakuchagulie inayofaa. Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kupambazuke: mwamshe mtu mwende hospitali.

Ila dawa haitakurudishia mshahara wako. Sonona huwapata wanawake karibu mara moja na nusu kuliko wanaume, na watu hukimbilia kusema ni homoni. Homoni zimo, sikatai. Lakini mtu asiyeshika hela yake, asiye na saa hata moja ya kwake wala kauli nyumbani kwake, akili yake itatulia saa ngapi? Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikokotoa kwamba zaidi ya robo tatu ya saa za kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa hufanywa na wanawake. Hapo hazijahesabiwa za kichwani: chanjo ni lini, sare imekauka, homa ya yule imeshuka? Nadhani hizo ndizo zinazokukosesha usingizi hata mtoto akiwa kimya.

Mama yako hadanganyi, alipitia. Siku moja muulize kwa upole yeye alikuwa akilia wapi.

Sasa mumeo. Hapigi, halewi, vizuri (ingawa siku hizi tunawasifu wanaume kwa mambo madogo mno). Usimwombe akupunguzie kidogo. Mkabidhi jambo zima: wakubwa wawili, kuanzia kuoga, kazi za shule hadi sare, na kukumbuka kuwe juu yake. Akiwavalisha soksi zisizofanana, nyamaza.

Mshahara uingie kwenye akaunti yako, kisha mkae mpange kila mmoja anatoa nini. Lakini kama ukigusia hela anafoka au kutishia, simama hapo hapo. Huo ni ukatili wa kiuchumi. Zungumza kwanza na ofisa ustawi wa jamii au ndugu unayemwamini kabla hujahamisha chochote.

Anza na kliniki, wiki hii. Mazungumzo ya hela yatangoja hadi uwe umepata usingizi kidogo, maana ukiyaanza leo utalia katikati naye atasema umeona, huwezi kuzishika. Ukishaonana na mhudumu, niandikie alichokwambia.