Kabla ya kulipia chumba cha ufukweni, uliza habari za maji

Mara ya kwanza kulala kwenye hoteli ndogo ya ufukweni, kisiwani, nilifika saa 6 mchana nikakuta bahari haipo. Mbele ya chumba palikuwa na mchanga wa tope na majani ya baharini, na maji yenyewe yalikuwa mstari wa buluu kule mbali. Picha niliyoonyeshwa ilipigwa maji yamejaa. Nikaenda mapokezi nimekasirika. Mhudumu alinisikiliza hadi mwisho, akanisihi ningoje hadi saa 12 jioni. Jioni mawimbi yalikuwa yanagonga ngazi za baraza.

Tangu siku hiyo, kabla ya bei, nauliza: maji yakipwa hufika wapi, na bado panaogeleka? Sehemu nyingi bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Ukiikuta imepwa adhuhuri leo, baada ya wiki moja adhuhuri itakuwa imejaa. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Basi mimi hupanga safari kwa kuutazama mwezi. Anayetaka kuogelea saa yoyote aende wakati wa maji mafu. Anayependa kutembea hadi mwambani kuangalia viumbe, bamvua ndiyo yake. Ila avae viatu vya mpira, maana kuna vinyama vya miiba mirefu inayokatikia mguuni, na arudi mapema. Maji yakianza kujaa hupita kwanza kwenye mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yako, na unaweza kujikuta umezungukwa.

Bafuni nako kuna maji mengine ya kuuliza. Ukiona sabuni haitoi povu na mdomoni kuna chumvichumvi, usimgombeze mtu. Kwenye kisiwa kidogo maji ya mvua hunywea ardhini na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Kila ndoo unayomwaga ovyo inawagusa wenyeji watakaobaki hapo ukishaondoka, na hilo linaniuma nikiona mgeni ameacha bomba wazi huku anapiga mswaki. Oga haraka. Maji ya kunywa uliza yanatoka wapi.

Umeme mara nyingi ni wa sola au jenereta, na jenereta huzimwa usiku. Kwa hiyo kagua chandarua kungali mchana, tundu kwa tundu. Mimi hubeba sindano na uzi. Dawa zako za kawaida pia beba za kutosha, na fedha taslimu.

Kubwa la mwisho ni boti. Upepo ukichafuka haiondoki, na nahodha anayekataa kukuvusha anakutendea wema. Niliwahi kukosa ndege kwa sababu nilipanga kuvuka asubuhi ya siku ileile ya safari, nikashinda gatini na mabegi yangu nikitazama mawimbi. Siku hizi naondoka kisiwani siku moja kabla, na usiku wa mwisho nalala ng'ambo, karibu na uwanja wa ndege.