Kodi ya Dar kwa anayehamia na familia
Umeuliza kama ukihamia Dar na mkeo na watoto utaweza kulipa kodi ya nyumba mwezi kwa mwezi. Hapana, usitegemee. Wenye nyumba wengi Dar wanataka miezi sita kwa mkupuo, akiwa mwelewa mitatu, na dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mimi nilitoka Mbeya na hela ya mwezi mmoja, nikaishia kwa shemeji Kimara wiki tatu, godoro sebuleni. Ada isikutishe, shule za kawaida za serikali hazitozi. Nauli ndiyo inayokula. Kama kazi iko Posta, katikati ya jiji, tafuta karibu na njia ya mabasi ya mwendokasi. Na uliza Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia, maana ugomvi wa umeme huo! Tangulia wewe, mama na watoto wafuate likizo ya Desemba.