Kwa anayeanza kazi katika makao ya wazee Marekani: mzee afikeje kwa mwanasaikolojia

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki na kuingia katika kazi hii hufundishwa kwanza kuogesha, kulisha na kumgeuza mgonjwa kitandani, kisha tukadhani kwamba mambo ya akili ni ya daktari peke yake. Kwa niliyoyaona, wazee wengi wanaokosa msaada wa kisaikolojia hukwama kwa sababu waliowahudumia kila siku hawakueleza walichokiona.

Tathmini ambayo makao hulazimika kuifanya mzee anapopokelewa, na kuirudia kila baada ya miezi 3, huuliza kuhusu dalili za sonona katika wiki 2 zilizopita. Mkazi akishindwa kujibu, labda kwa sababu ya ugonjwa wa kusahau, wafanyakazi wanaomfahamu huulizwa badala yake, na kwenye maswali 9 ya kawaida huongezwa la 10: je, amekuwa mwepesi wa kukasirika? Hapo ushahidi wako una uzito mkubwa. Usiandike kwamba mzee ni mkorofi. Andika kwamba amerudisha chakula cha mchana siku 3 mfululizo, kwamba usiku hapati usingizi, kwamba amesema yeye ni mzigo kwa wanawe. Akitamka kuwa anatamani kufa, mwambie muuguzi papo hapo, wala usingoje kukabidhi zamu.

Ukiambiwa kwamba huo ni uzee tu, usikubali haraka, kwa kuwa sonona hutibika hata katika umri mkubwa. Mwone ofisa wa ustawi wa jamii. Makao yenye vitanda zaidi ya 120 hutakiwa kisheria kuwa naye kwa muda wote wa kazi. Tangu Januari 2024, Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, inawalipa pia washauri nasaha wenye leseni, kwa hiyo mlango umepanuka kuliko zamani. Dawa za kumtuliza mzee zisichukuliwe kuwa mbadala wa mazungumzo: tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba baadhi yake huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau.

Siku ya miadi, usimpangie kuoga saa hiyo hiyo. Hakikisha kifaa chake cha kusikilizia kina betri, na umwombe muuguzi chumba cha faragha, maana hakuna mzee atakayefungua moyo wake huku jirani wa kitanda cha pili akisikiliza.