Kwa mnaoanza kemia ya kubeba dawa za RNA

Wadogo zangu mnaoingia maabara za kemia hapa Dodoma, najua kilichowavuta. Tangu chanjo za UVIKO-19, kila andiko la uzamili linataka neno RNA kwenye kichwa. Sawa. Ila mkemia hulala macho kwa ajili ya chombo cha kuibeba.

RNA ni molekuli kubwa yenye chaji hasi, na utando wa seli ni mafuta, haipenyi. Ikiingia kwenye damu bila kinga, vimeng'enya huikatakata upesi. Kwa hiyo hufungwa ndani ya chembe ya lipidi za aina nne: lipidi inayobadili chaji kufuata asidi, fosfolipidi, kolesteroli, na lipidi yenye mnyororo wa PEG, polima inayopenda maji. Ya kwanza ndiyo ya kuisoma hadi uichoke. Kwenye damu, penye pH 7.4, karibu haina chaji. Seli ikishaimeza, ndani ya kifuko chenye asidi hupata chaji chanya, huvuruga utando wa kifuko, na RNA hutoka. Tena hutoka sehemu ndogo tu. Nyingine hupotelea humo. Hapo kazi ingali tele.

Patisiran, dawa ya kwanza ya siRNA (RNA fupi inayozima jeni), iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Inazuia protini inayotengenezwa hasa kwenye ini, na ini halikuchaguliwa hivihivi: chembe hizi zikiwa kwenye damu hugandwa na protini iitwayo ApoE, kisha seli za ini huzivuta. Ukileta wazo la kutibu ubongo kwa chembe zilezile, jiandae kuulizwa utalikwepaje ini.

Katalin Karikó, mwanabiokemia wa RNA, watu humtaja kama mfano wa uvumilivu. Mimi ningependa mtazame alichofanya na Drew Weissman mwaka 2005: walibadili nyukliosidi, yaani vijenzi vya RNA, na seli zikaacha kuishambulia kama adui. Badiliko dogo la kikemia. Nobeli ikaja 2023.

Sasa ya hapa kwetu. Maji ya visima vyetu yana chumvi, kwa hiyo mtambo wa kusafisha maji muuangalie kabla ya kuulaumu utaratibu wa jaribio. Kuchemsha maji hakutoshi, maana RNase, vile vimeng'enya vinavyokata RNA, huvumilia joto. Tumia DEPC, kemikali inayolemaza RNase, kisha otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo. Msiitie DEPC kwenye bafa ya Tris, zinakulana. Glovu iliyoshika simu itupwe. Msimu wa upepo na vumbi, dirisha lifungwe hata kama mnaungua. Kabla ya kuagiza chochote cha nyuzi -80, ulizeni nani hujaza mafuta ya jenereta wikendi, na sampuli mzigawe kwenye mirija midogo ili msiyeyushe zote kwa mara moja.

Na kipimo cha usafi cha 260 kwa 280 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita hizo) kikisoma 2.0, msishangilie. RNA iliyokatikakatika nayo husoma hivyohivyo. Ipitisheni kwenye jeli kwanza.