Kalafati haishiki mbao: jibu kwa aliyekatikiwa na mkono wa osiloskopu

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Natengeneza redio, televisheni na chaja za sola hapa Langoni, Lamu. Nina osiloskopu ya zamani, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, ile ya tyubu, yapata kilo 9. Nilipokuwa nikiipakia botini pale Mokowe, mkono wake wa plastiki wa kubebea ulikatika karibu na kifundo. Niliugandisha kwa supaglu na bekingi soda kama nilivyoona kwenye video. Ukashika siku tatu, kisha ukaachia. Kuna supaglu kali zaidi ya hizi za dukani? Waya za mita yangu ya kupimia umeme zilipasuka mipini mwaka jana nikazigandisha hivyo hivyo, na mpaka leo ni nzima.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hili la supaglu kali zaidi linaingia karakanani kwangu hapa Malindi karibu kila wiki, na jibu langu halijabadilika: ukali wa gundi si tatizo lako. Ungepata iliyo kali mara mbili, ungebeba siku nne badala ya tatu.

Wewe uko Lamu, basi nikuulize jambo ambalo mtoto wa Matondoni analijua. Fundi wa jahazi akikalafati, ile pamba aliyoipachika kwenye nafasi ndiyo inayoshika mbao? Mbao zimeshikwa na misumari na mataruma. Kalafati inazuia maji. Supaglu ni kalafati. Inaziba, inaficha ufa, inapendeza machoni. Uzito unataka msumari.

Supaglu hukauka inapokutana na unyevu, ndiyo maana huku kwetu pwani inashika vidole kabla haijashika kitu. Ikishakauka huwa ngumu na kavu kama gae. Ukiivuta taratibu itakustahimilia, lakini ukiipinda au kuigonga inapasuka, na mkono wa osiloskopu kutwa kucha unapindwa na kugongwa. Kilo 9 zikiwa zimetulia ni kilo 9. Zikishtuliwa ghafla, mathalani boti inapoinuka na wewe umeshika mkono, kifundo kinabeba mara mbili ya hizo au zaidi. Tena joto na unyevunyevu vinaidhoofisha gundi hiyo siku baada ya siku, na Lamu ina vyote viwili.

Ama hiyo bekingi soda, mwenye video hakukudanganya kwamba inagandisha haraka. Inagandisha, na inajaza pengo. Alichonyamazia ni kwamba umetengeneza jiwe katikati ya plastiki inayotaka kunesa. Wengine wanatia majivu ya sigara, wengine pamba. Ya pamba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu supaglu ikilowa kwenye pamba inachemka na kutoa moshi, na inaweza kukuunguza vidole. Mtu anaona moshi anasema "imeiva". Haya ndiyo mafunzo yetu siku hizi, video ya dakika mbili inayoishia pale kitu kilipogandishwa, kabla hakijabebwa.

Sasa kabla hujafanya lolote, tazama sura ya mvunjiko wenyewe, kama supaglu haijaifunika yote. Sehemu iliyovunjika siku ile pale Mokowe itakuwa safi na nyepesi rangi. Ukiona upande mmoja umeingia uchafu na umefifia, huo ufa ulikuwapo miaka, na boti ilikuja kumalizia tu. Ikiwa hivyo, nenda kakague kifundo cha upande wa pili kwa tochi, kwenye kona ya ndani. Mara nyingi utakuta nacho kimeanza.

Kisha ujue ni plastiki gani. Ndani ya mkono mara nyingi pamepigwa herufi ndogo. Ukikuta ABS, aina ya plastiki ngumu, una bahati. Kama hakuna herufi, chonga kipande kidogo ukitie katika maji yenye tone la sabuni, lisije povu la hewa likakielesha na kukudanganya. Plastiki za jamii ya ndoo na jeriken huelea; ABS huzama. Za kuelea usihangaike nazo, hakuna gundi ya dukani inayozishika kwa kazi ya kubeba. Pale kwenu mmeiona Flipflopi, jahazi lililoshushwa majini 2018 likiwa la plastiki iliyookotwa. Plastiki hiyo mafundi waliichonga kama mbao, na wewe ukiipata yako ya namna hiyo ifikirie kama mbao, ya bolti na si ya gundi.

ABS huyeyuka kwa asetoni, dawa ile ya kuondolea rangi ya kucha. Kwangua supaglu yote mpaka uone plastiki yenyewe, yeyusha vipande vya ABS katika asetoni mpaka upate uji mzito, paka pande zote mbili, bana, acha siku mbili. Hapo plastiki imerudi kuwa moja. Lakini usiipake asetoni kila plastiki unayokutana nayo. Ile ngumu inayopitisha mwanga, polikaboneti, ukiipaka asetoni inapasukapasuka nyufa kama kioo. Ikizama na hujui jina lake, tumia Araldite, gundi ya kuchanganya mirija miwili, ile ya kukauka polepole, uso ukiwa umeparuzwa kwa msasa.

Na hata hapo hujamaliza, kwa sababu kiungo bado ni kalafati, bora tu kuliko ya kwanza. Chukua bapa la alumini la unene wa milimita 3, ulilaze upande wa ndani wa mkono lipite juu ya mvunjiko, ulishike kwa bolti mbili kila upande, na washa pana, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya bolti, ili plastiki isikatwe. Matundu yakae mbali na ufa. Kama vifundo vyote viwili vimechoka, achana na plastiki kabisa, pinda bapa zima liwe mkono mpya na ulivishe mpira wa bomba. Halitakuwa zuri, ila litabeba. Wa kuchapishwa kwa mashine ya 3D pia nimeletewa, umechapwa kwa PLA, plastiki inayolegea kwenye nyuzi 60 hivi. Uliachwa ndani ya gari juani, ukapinda kama ndizi.

Jambo moja la hatari. Skurubu za kifundo ukizibadilisha, ziwe za urefu ule ule. Ndefu zaidi inaingia ndani, na ndani ya osiloskopu ya tyubu kuna maelfu ya volti, nyingine hukaa hata waya ukiwa umechomolewa. Usitoboe bati la sanduku lake.

Ukimaliza, usijaribu kwa osiloskopu. Ning'iniza mkono peke yake kwenye boriti, ufungie jeriken la lita 20 lililojaa maji, lilale hapo usiku kucha. Asubuhi litikise. Likianguka, umepoteza maji.

Sasa turudi kwenye hilo la mwisho, ambalo umelitaja kana kwamba ni sifa. Waya za mita.

Mkono wa osiloskopu ukiachia, utalia kwa pesa yako. Mpini wa waya wa mita haupo ili vidole vipate pa kushika tu. Ni ukuta kati yako na umeme. Mita iliyoandikwa CAT III 600V, yaani daraja lake la usalama na volti inazoruhusiwa, waya zake zimejengwa zihimili mpigo wa ghafla wa volti 6,000, kwa unene wa plastiki na umbali kutoka vidole hadi chuma. Ufa unafuta hesabu yote hiyo. Supaglu inaziba juu, chini yake pamebaki njia nyembamba ya hewa, na vidole vyako vina jasho na chumvi. Unatengeneza chaja za sola: paneli kumi za volti 40 zikifuatana ni volti 400 za mkondo mnyoofu (DC), ambao ukishachora cheche haukatiki kirahisi kama ule wa nyumbani. "Bado ni nzima" maana yake hujagusa pabaya bado.

Watu wamelishika lile la usipoziba ufa utajenga ukuta, wakadhani kila ufa ni wa kuzibwa. Mwezi uliopita kijana anayehudumia pampu za sola kwenye hoteli moja huku aliniletea mita nimsaidie, waya zake zina gundi na tepu nyeusi. Nilichukua koleo nikazikata mbele yake. Akanuna, akasema bado zilikuwa zinapima. Ni kweli, zilikuwa zinapima. Nilimpa jozi yangu mpya iliyoandikwa CAT na volti zake kwenye mpini wenyewe, akalipa huku amenikunjia uso.

Zako pia zikate leo, kabla hujaushika huo mkono wa osiloskopu. Zikate katikati, usizitupe nzima, asije mwanagenzi wako akaziokota.