Mkono wa Mnunuzi Haufiki Kwenye Picha

Wewe uliyefungua belo lako la kwanza la mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, wiki hii na unataka kuuza kwa WhatsApp, nikwambie nilichojifunza kwa miaka sita ya kuuza magauni ya mitumba, simu mkononi, bila duka.

Anayenunua kwa simu haigusi nguo. Katika Sahihi Muslim, kitabu cha Hadithi, Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa. Akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakione, kisha akasema: "Mwenye kughushi si katika mimi." Mteja wako wa Kayole hawezi kutia mkono. Utie wewe kwa niaba yake.

Nilifunzwa hilo na gauni moja la maua ya samawati. Kwapani mlikuwa na alama ya jasho, ya manjano, ukubwa wa sarafu. Nikalipiga picha mikono imeshushwa. Mama aliyelinunua kwa shilingi 450 hakugomba; alinitumia picha ya lile kwapa tu, bila neno. Nilimrudishia pesa zake pamoja na za bodaboda, lakini hakununua kwangu tena. Tangu siku hiyo kila nguo naipiga picha tatu: mbele, nyuma, na penye kasoro, futi ya fundi ikiwa kando, mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Chini naandika: "Zipu inakwama, kifungo cha pili hakipo, 250." Hizo mara nyingi ndizo hutangulia kuisha, maana anayejua kushona anazisubiri. Na kama ni fagia, yaani daraja la chini, usiiite kamera, daraja la juu.

Usiwaombe marafiki waandike "nimechukua mbili" ilhali hawajachukua. Hiyo ni najshi, yaani kujifanya mnunuzi ili kuwavuta wengine, na Mtume aliikataza. "Imebaki moja", na chini ya kitanda ziko kumi, ni uongo vilevile. Bei nayo iandike wazi.

Kinachowatega wengi ni kuchukua picha za maduka ya Eastleigh, kupokea pesa kwa M-Pesa, ndipo waende kutafuta mali. Hakim bin Hizam, sahaba, alimuuliza Mtume kuhusu jambo kama hilo, akaambiwa asiuze asichokuwa nacho. Najua mtaji ni mgumu. Patana na mwenye duka uwe wakala wake kwa ujira unaojulikana, na mteja umwambie mali ni ya nani.

Mteja akikutumia picha amevaa nguo yako, usiiweke kwenye stetasi kabla hajakuruhusu. Ni amana, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Dada mmoja aliniambia sura yake hapana, ila gauni naweza. Akalipiga picha likiwa limeanikwa kwenye kamba, jua la asubuhi likipita kwenye kitambaa, na picha hiyo iliniletea oda nyingi kabla ya Idi.