Mshauri haniambii la kufanya. Je, nimeliwa hela?

SWALI: Mimi ni mjane, ninaishi Masasi. Tangu mume wangu afariki, ndugu zake wananibana niuze shamba la mikorosho. Nimekwenda mara tatu kwa mshauri nasaha Mtwara mjini. Anasikiliza na kurudia niliyosema, lakini hasemi niuze au nisiuze. Wifi yangu anasema nimeliwa hela, eti kuna bwana anayemaliza mambo haya kwa siku moja. Niendelee?

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada yangu. La shamba ni la kisheria: usitie saini popote kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi.

Sasa hilo la mshauri. Wengi wanaamini kwamba asiyetoa amri hafanyi kazi, na imani hiyo inaharibu tiba za watu kila siku. Wewe tayari umezungukwa na watu wanaokuamulia. Mshauri naye akisema "uza", ameongeza mbanaji mmoja, na wewe utaondoka bila kujua unataka nini.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeasisi tiba hii ya kusikiliza, ambayo mteja ndiye anayeongoza, aliandika mwaka 1957 masharti sita ya mtu kubadilika. Matatu ni mzigo wa mshauri: awe mkweli bila kuvaa sura ya kazi, amthamini mteja bila masharti, na ayaone mambo kwa macho ya mteja. La sita ndilo linalosahauliwa: mteja mwenyewe auhisi uelewa na uthamini huo, walau kidogo.

Hapo ndipo kurudia maneno kunapoanguka. Ukisema, "Shemeji wanataka niuze, sijui nifanyeje," naye akajibu, "Kwa hiyo hujui ufanyeje," amefanya kazi ya kasuku. Anayesikia kweli angesema, "Ni kama unadaiwa uamuzi hata kabla hujapata nafasi ya kumlilia mumeo." Pengine utamkatalia: "Hapana, nina hasira. Aliniacha bila karatasi yoyote." Huko kumsahihisha ndiko tiba yenyewe, maana umefika kwenye jambo ambalo nyumbani huthubutu kulitamka.

Kwa hiyo kipindi kijacho mwambie wazi: "Ukirudia maneno yangu, najiona sisikiki." Akijitetea au akikuhubiria, tafuta mwingine. Akitulia na kutaka kujua zaidi, mpe vipindi vinne au vitano vingine, kimoja kwa wiki.

Huyo bwana wa siku moja mwepuke kabisa. Nawaambia na wasomaji wengine, maana wamejaa kuanzia Lindi hadi Newala: wenye semina ya siku mbili na bango, wanaoahidi kupona kabla hawajakusikia, wanaodai hela yote mkononi, wanaosimulia habari za wateja waliotangulia ili uwaamini. Anayekupa siri ya jirani leo, yako itafika msibani kesho. Muulize mshauri yeyote alisomea wapi na kwa muda gani, nani anamsimamia, na siri zako atazivunja kwa sababu gani tu. Akikasirika kwa maswali hayo, ondoka.

Jambo moja lisingoje kipindi: ukianza kufikiria kujiua, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kukesha usiku kadhaa mfululizo, nenda Hospitali ya Mkomaindo, hapo Masasi, siku hiyohiyo, ukiwa na mtu unayemwamini.